Marehemu Kasimiro Ayiko na Mvua ya Jumamosi

Tumekusanyika hapa Dadamu, leo Jumamosi tarehe 14 Mei 1994, kumsindikiza Kasimiro Ayiko. Mjane wake, Margarita Keji, alimwomba kaka yake, Sulaimani Lokule wa Koboko, aandike maisha ya marehemu na kuyasoma. Lokule alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, na sababu yake mtaisikia.

Kasimiro alizaliwa hapa hapa Dadamu tarehe 9 Agosti 1941, mtoto wa tatu wa mzee Onzima na mama Driwaru. Alisoma shule ya misheni mjini Arua. Akiwa darasa la tano aliweka bakuli uani ili apime mvua, mbuzi wa mama yake akaja akayanywa maji. Mtoto mwingine angebuni namba. Yeye aliandika daftarini: "Mvua ya leo haijulikani, mbuzi amekunywa." Mama yake alicheka wiki nzima.

Mwaka 1962 alikwenda Entebbe kujifunza kazi ya hali ya hewa, kisha akarudi kupima mvua, upepo na mgandamizo wa hewa kwenye kituo cha uwanja wa ndege wa Arua. Wakulima wa Ayivu walikuwa wakipita kituoni na baiskeli zao kumwuliza siku ya kupanda maharage. Mwaka 1967 alimwoa Margarita. Upande wa Koboko, kwao Margarita, ni Waislamu, na maneno hayakukosekana, lakini Kasimiro alikuwa mpole mno hata mtu hakuweza kugombana naye. Walijaliwa watoto wanne.

Ijumaa tarehe 1 Juni 1979, vita ikikaribia, Lokule alidandia lori alfajiri kutoka kijijini kwake Oraba, mpakani, mpaka Arua kumwuliza shemeji yake swali moja. Alitaka kuivusha familia yake mto Kaya waingie Sudan, na mto ule ukijaa hauvukiki kwa miguu. Kipimo cha Kasimiro kilikuwa kimeshuka siku tatu mfululizo. Mgandamizo mdogo wa hewa ulikuwa unasogea kutoka upande wa Zaire, ila utafika lini, hapo ndipo palipokuwa na shida.

"Mvua iko kuja," alisema Kasimiro. "Kesho inaweza kunyesha, inaweza kungoja Jumapili. Nusu kwa nusu."

"Wewe ni mutu ya serikali, shemeji. Sema moja."

"Moja hapana iko. Ukifika nyumbani na jua, vuka leo."

Lokule alifika nyumbani saa tisa alasiri. Mke wake, Norah, alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Lakini muhogo ulikuwa haujasagwa, na Lokule aliona haya kwenda ugenini kuombaomba chakula. Akamwambia mkewe, "Shemeji anasema kesho iko kavu. Tutaenda kesho."

Jumamosi mvua ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne risasi zilisikika, ikawa hakuna tena kungoja. Mto ulimchukua Norah na mtoto aliyekuwa mgongoni. Lokule alivuka na binti yake Betty, wa miaka saba, amemkalia shingoni. Mpaka leo mvua ikianza asubuhi, Lokule hutoka akasimama uani akalowa, kwa sababu akibaki ndani humsikia Norah akiuliza: "Si alisema iko kavu?"

Kasimiro alivuka mpaka Sudan kuja matangani. Mbele ya watu, Betty akisikiliza, Lokule alimnyooshea kidole: huyu ndiye aliyesema Jumamosi kavu. Kasimiro alimtazama Lokule, akamtazama mtoto.

"Kweli," akasema. "Mimi nilikosea."

Watu walisema lisemwalo lipo. Maneno hayo yalimfuata Kasimiro uhamishoni Aru, upande wa Zaire, na yakarudi naye mwaka 1986. Alirudishiwa kazi yake, lakini wakulima hawakupita tena kituoni. Huko Koboko walimwita Bwana Kavu. Betty hakumpa mkono kwa miaka kumi na tano.

Desemba iliyopita miguu yake ilianza kuvimba, na daktari akasema ni moyo. Mwanzoni mwa mwezi huu Lokule alikwenda kumwona hospitalini, akamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Betty alibaki na mzazi moja," Kasimiro alijibu kwa shida. "Ningesema, angebaki na nani?"

Lokule alilia pale kitandani. Aliahidi kuwaambia watu wiki hiyo hiyo. Aliona haya, akasema kesho, na kesho yake akasema kesho. Alhamisi tarehe 12 Mei, saa nane mchana, Kasimiro alikata roho.

Ameacha mjane, Margarita, watoto wanne, Driciru, Soro, Kasimiro mdogo na Mariamu, wajukuu watatu, shemeji yake, Lokule, anayesoma maneno haya, na Betty, binti wa Norah, aliyeketi pale mbele, ambaye ndiyo kwanza anayasikia.

Kasimiro Ayiko hakukosea. Apumzike kwa amani.