Herbert Shikanda na Kiti Alichompa Pamela

Wasifu huu umesimuliwa na mjane, Virginia Wairimu, na unasomwa na Trevor, mdogo wa marehemu. Virginia ameagiza usipambwe. Marehemu alikuwa mtu mwema, tena mtu wa kuchosha, na waliokaa naye wanayajua yote mawili.

Herbert Lumwachi Shikanda alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa Shinyalu, Kakamega, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Zakaria na Mama Rasoa. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, kisha sekondari hadi mwaka 1987. Huko alikuwa mwenyekiti wa midahalo, akavuliwa cheo kwa kumruhusu mwanafunzi wa kidato cha kwanza azungumze mbele ya mgeni wa heshima. Mzee Zakaria aliitwa shuleni, akaenda kumwombea msamaha, na mwanawe akabishana hata na huo msamaha.

Mwaka 1991 alianza kuendesha malori mjini Nakuru, na huko akakutana na Fabian Kiprono, dereva mwenziwe. Wakawa chanda na pete. Fabian ndiye aliyemsimamia Herbert alipofunga ndoa na Virginia tarehe 11 Desemba 1999, na ndoa hiyo ikajaliwa watoto wawili, Ann na Collins. Mwaka 2005 marafiki hao walikwenda Doha, Herbert akiendesha basi la wafanyakazi na Fabian akiwa mlinzi. Virginia aliwafuata miaka miwili baadaye, akapata kazi ya kufua katika hoteli, na wakapanga chumba Al Mansoura.

Wakenya wa mtaa huo walikuwa na umoja wa kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Kiongozi wake aliitwa Rais, cheo kikubwa kuliko ukumbi wenyewe. Mwaka 2013, baada ya watu kutazama kwenye televisheni mdahalo wa wagombea urais wa nyumbani, umoja nao ukataka wake. Wagombea walikuwa watatu: Fabian wa kambi ya walinzi, Abdulrahman wa kambi ya mahoteli, na Pamela, mfanyakazi wa ndani kule Al Rayyan. Kamati iliweka viti viwili. Ilisema Pamela hana kambi, kwa kuwa kambi ni watu wanaohudhuria vikao vya Ijumaa. Virginia hajaelewa hadi leo jinsi watu wenye akili zao walivyoweza kusema hivyo, wakijua vizuri kwamba wanawake wa kazi za ndani hawaruhusiwi kutoka Ijumaa.

Herbert ndiye aliyechaguliwa kuongoza mdahalo. Alikuwa pia mpiga debe mkuu wa Fabian, na hakuna aliyeona ubaya. Siku hiyo, Ijumaa tarehe 10 Mei, alitoka nyumbani amebeba kiti cha jikoni. Virginia alimuuliza anakipeleka wapi. Akajibu kwamba kuna mtu atasimama.

"Tukimweka huyu, kesho watakuja kumi," katibu akamwambia pale ukumbini.

"Wakija kumi tutatafuta viti."

Fabian alimvuta pembeni. "Herbert, uko na mimi ama uko na nani?"

"Niko na wewe. Lakini huyu mama atakaa."

Pamela alikaa. Zamu yake ilipofika hakutoa ahadi yoyote, aliwauliza tu wenziwe swali. "Mimi nikianguka leo jikoni kwa madam, na simu yangu anaiweka yeye, kati yenu nani atajua? Na atajua siku gani?"

Abdulrahman alitazama viatu vyake. Fabian alisema suala hilo litaundiwa kamati, na watu wakacheka.

Kura zilipigwa kwa mlolongo, kila mtu akisimama nyuma ya anayemtaka. Wanawake wachache wa kazi za ndani waliopata ruhusa siku ile, ambao miaka yote walisimama na walinzi, walijipanga nyuma ya Pamela. Abdulrahman alishinda kwa watu wawili. Na Herbert, baada ya vurugu zote hizo, alisimama nyuma ya Fabian.

"Hukumpigia hata kura?" Virginia alimuuliza njiani.

"Nilitaka asikike. Kura yangu ni ya Fabian."

Virginia anasema hajawahi kutamani kumpiga mtu kama alivyotamani siku ile.

Mwezi uliofuata umoja ulimpangia kila mfanyakazi wa ndani mtu wa kumwulizia mlangoni. Kwa utaratibu huo Faridah, mmoja wa wanawake hao, alikutwa hoi kwa homa, akafikishwa hospitali, na akapona. Virginia anakiri, kwa shingo upande, kwamba bila kile kiti utaratibu huo usingekuwapo. Lakini Fabian alimwambia Herbert, "Umegawa kura zangu kwa kiti cha jikoni kwako," akaacha kuja kwao. Miaka mitatu watu wazima wawili walipishana ngazini wakisalimiana kwa kukohoa. Virginia alimsihi mumewe aombe radhi. Alisema hakukosea. Alimsihi Fabian apige simu. Fabian naye akasema ataanza aliyekosa.

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akarudi nyumbani. Aliugua kwa uvumilivu, ingawa alibishana na kila daktari. Tarehe 1 Agosti 2018 Fabian alipiga simu kutoka Doha. Herbert hakuwa akizungumza tena. Virginia alimwekea simu sikioni, na Fabian akaongea kwa muda mrefu, akianza na zile kura na kuishia na kilio. Virginia hajui kama alisikika. Angepewa nafasi ya kuwauliza jambo moja tu, angewauliza walikuwa wakingoja nini. Herbert alifariki Ijumaa tarehe 3 Agosti, alfajiri.

Marehemu ameacha mjane, Virginia. Watoto, Ann na Collins. Mama mzazi, Mama Rasoa. Na ndugu watatu, Trevor, Japheth na Fabian. Kamati ya mazishi ilitaka Fabian aandikwe chini, pamoja na marafiki, kwa kuwa si wa ukoo. Virginia amekataa, na mwenye neno amfuate yeye baada ya maziko. Fabian anaombwa asisimame kule nyuma. Aje mbele, amzike ndugu yake.

Mungu ampe Herbert pumziko la amani.