Ephrasia Kagaruki, Aliyewatembeza Wagonjwa wa Moyo

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, Bi. Ephrasia Kagaruki anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika kitengo cha fiziotherapia cha hospitali yetu hapa Muleba. Sisi tunaobaki tumepewa ukurasa huu wa ratiba ya sherehe ili tumsifu akiwa anasikia. Tunautumia wote.

Alizaliwa Kanazi katika familia ya wakulima wa kahawa na ndizi, akasomea Moshi, akaletwa kwetu akiwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa. Miaka ile kazi ilikuwa mifupa na waliopooza. Alimsimamisha mgonjwa kando ya kitanda na kumwambia "Tugende!", yaani twende kwa Kihaya, hata kama mwenyewe alikuwa bado anautafuta mguu ulipo. Jina la Mama Tugende likamkaa. Mwaka mmoja liliandikwa hata kwenye cheti chake cha mfanyakazi bora, ikabidi kichapwe upya.

Kazi iliyompa heshima kubwa zaidi ilianza alipoitwa kusaidia kliniki ya moyo. Aliona kwamba wagonjwa hawasumbuliwi na kifua tu. Walisahau dawa, walipotewa na maneno wakiwa katikati ya mazungumzo. Ndugu zao waliita hali hiyo uzee. Dkt. Awadhi wa kliniki hiyo alimweleza kuwa moyo ukichoka, damu inayofika kwenye ubongo inaweza kupungua, na kwamba mazoezi ya kiasi, pamoja na dawa, huweza kuusaidia moyo na kichwa pia. Bi. Ephrasia akaanzisha darasa la kutembea kwenye barabara ya kilima nyuma ya wodi.

Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mzee Kyaruzi wa Kemondo, mshereheshaji wa harusi aliyejulikana hadi Bukoba mjini. Tangu moyo wake udhoofike alikuwa amepungukiwa kumbukumbu. Kwenye harusi moja alimwita bibi harusi kwa jina la mama mkwe wake. Ukumbi ulicheka, yeye akarudi nyumbani na hakushika kipaza sauti tena. Ndugu zake walikwisha kuamua kwamba hata kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, Agnetha, ataalikwa mshereheshaji mwingine.

Mke wake, Mama Agnetha, alikuja juu. "Huyu nyumbani hata ndoo ya maji hashiki, nyinyi mnampandisha kilima?"

"Waitu, mama," Bi. Ephrasia akamjibu kwa neno hilo la heshima la Kihaya, "njoo utembee naye. Ukiona amechoka, wewe ndiye utatuambia tusimame."

Akaja. Wakatembea wote, taratibu, wakipumzika kila walipohitaji. Mzee akaanza kuchangamka. Kisha asubuhi moja akaanguka njiani. Alirudishwa wodini kwa machela, na uongozi ukasimamisha darasa siku hiyo hiyo. Tulimkuta Bi. Ephrasia kwenye chumba cha mazoezi, hataki chai wala maneno. Ni siku pekee tuliyowahi kumwona amekaa.

Mgonjwa alipopata nafuu, Dkt. Awadhi alimuuliza kuhusu dawa zake. "Nilijiona nimepona, daktari," mzee akasema kwa aibu. "Nikaziacha."

Bi. Ephrasia alikwenda ofisi ya mganga mfawidhi bila kuitwa. "Mkifunga darasa, watu hawa watarudi kukaa kwenye viti na kusahau majina ya watoto wao," alisema. "Nipeni masharti, msinipe kufuli." Akapewa: kila mgonjwa apimwe presha na aulizwe dawa kabla ya kuondoka, na muuguzi aandamane nao. Darasa likafunguliwa. Kyaruzi alikuwa wa kwanza kufika, mkewe akiwa amembebea vidonge.

Siku ya harusi ya Agnetha, mzee aliomba jambo moja tu: atambulishe familia mbili. Ndugu zake wakatazamana, wakamkubalia. Alisimama bila karatasi, akawataja wakwe, mashangazi, wajomba, hadi mzee aliyetoka Karagwe ambaye alikutana naye mara moja tu. Hakukosea hata mmoja. Mshereheshaji wa kukodiwa alimwachia kipaza sauti na kwenda kula. Mama Agnetha alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na Bi. Ephrasia alilia waziwazi mbele ya wageni.

Dkt. Awadhi hutukumbusha kwamba si kila mgonjwa hufika pale. Lakini wengi wanaokuja kila Jumanne wanapanda vizuri zaidi, na ndugu zao wanatuambia mazungumzo yamerudi nyumbani. Hospitali ya Rubya nayo imetuma wauguzi kuja kujifunza.

Wiki iliyopita aliongoza darasa kwa mara ya mwisho. Walipofika juu, wagonjwa walitaka waendelee. Aliyeomba wapumzike alikuwa yeye.

Bi. Ephrasia, asante kwa kila mtu uliyemrudisha barabarani. Sasa pumzika kidogo, ule matoke yako Kanazi kwa raha, na Mungu akujalie miaka mingi yenye afya na furaha.