Daktari wa Meno na Mwenzake

Hivi wewe, ukiambiwa mashindano ni ya mashua za matanga, kila chombo watu wawili, unategemea watangazwe washindi wangapi? Usijibu haraka. Kwenye benchi la nje ya kibanda cha kinyozi swali hilo lilikuwa limeshapoza birika zima la kahawa. Benchi lenyewe mguu mmoja ni tofali, na anayekalia upande huo haruhusiwi kucheka. Siku hiyo alikalia Digrii, kijana mwenye shahada ya takwimu na kazi ya kutafuta kazi, na kucheka kwenyewe hakuwa nako. Jumapili alikuwa ameshinda mashindano, yeye na daktari wa meno mwenye mashua. Kipaza sauti cha gatini kikamtangaza daktari, “na mwenzake.” Sasa klabu iliyoandaa mashindano hayo inatafuta mwalimu wa kufundisha watoto matanga, mwenye uzoefu wa mashindano. Digrii kapeleka CV yake mbio, kaambiwa hawamjui.

— Kumbe umepata jina jipya, alisema Kinyozi akipangusa mkasi. Mwenzake. Linakukaa.

Digrii akaeleza upya. Baharini mnapokezana: mmoja usukani, mwingine chini kalala, zamu ikiisha mnabadilishana. Lakini daktari alianza kutapika nchi kavu ilipopotea tu machoni, akalala zamu zake na za jirani. Aliyeshika usukani usiku kucha ni Digrii. Aliyepunguza tanga upepo ulipochachamaa ni Digrii. Gati lilipoonekana, daktari akaamka, akanawa uso, akachana nywele, akasema sasa ni zamu yake. Na Digrii, mjinga wa kufuata kanuni, akampisha akashuka kuchota maji yaliyoingia chomboni. Benchi zima lilikuwa gatini siku hiyo. Lilimwona daktari na usukani, kisha Digrii akiibuka na ndoo.

— Sisi tuliona ndoo, alisema Mzee Redio, mstaafu ambaye habari asiyoijua huitunga. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Ulikuwa chini, ukangoja. Unalalamika nini?

Kinyozi akasema hata usukani wenyewe haukuwa na mtu. Mashua ni kama punda, ikinusa nyumbani inarudi yenyewe. Mzee Redio akamsahihisha: mtu wa pili hupakiwa kwa ajili ya uzito, chombo kisilale upande. Wanatafuta kilo, hawatafuti akili.

— Basi walikosea kupima, alisema Kinyozi. Huyu ukimtoa vyeti anapeperuka.

Kisha, kwa kuwa birika lilikuwa bado na tone, akafichua siri: yule ni daktari wa meno, aliichoma bahari sindano ya ganzi, ndiyo maana mawimbi yalitulia.

— Yalitulia wapi? alisema Digrii. Mzee wangu, mimi nimesoma mpaka macho yakaomba likizo. Leo mnaniita kilo?

— Manahodha wengi chombo huenda mrama, alijibu Mzee Redio kwa upole. Wangekutaja na wewe, kingezama.

Pembeni alikuwapo mama mmoja, mgeni kijiweni, aliyekuja kuchaji simu kwa Kinyozi. Alikuwa akisikiliza, mkono shavuni.

— Samahani, baba zangu. Hakuna mashindano ya kwenda mtu peke yake?

Mzee Redio akafurahi kuulizwa anachokijua. Yapo, tena Jumapili ijayo, klabu hiyo hiyo, mtu mmoja na mashua yake.

— Sasa kama huyu kijana alikuwa mzigo tu, mbona daktari wenu hakuyangoja hayo?

Kinyozi akaangalia mkasi. Mzee Redio akainamisha birika, halikutoa kitu. Digrii akainuka, benchi likapoteza mguu wake wa tofali na wazee wawili wakabaki wamekumbatiana bila kupenda. Hakugeuka nyuma. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya klabu, ambako viongozi walikuwa wakisugua kombe, akasimama mlangoni bila kupiga hodi.

— Wakubwa, shikamooni. Kipaza sauti ni kile kile na gati ni lile lile: litangazeni jina langu lote, la kwangu na la baba yangu. Ama sivyo Jumapili mpelekeni daktari peke yake, nasi tutakaa gatini tumsubiri arudi.