Nani Kauliza "Moyo Unauma"?

Pale kona, mbele ya kibanda cha kinyozi, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Kila siku saa tatu asubuhi huketi hapo watu watatu wale wale. Profesa alikuwa mpiga chapa wa serikali mpaka alipostaafu, na maishani mwake hajafundisha hata kuku. Betri ni fundi simu, na jina hilo kalipata kwa sababu huzimika usingizi katikati ya maneno yake mwenyewe. Wembe ndiye kinyozi, anayesubiri wateja huku akiomba kimoyomoyo wasije kabla kahawa haijaisha. Wa nne hakai. Huyo ni Shangazi, muuza kahawa, mjane wa miaka hamsini na minane, asiye shangazi wa yeyote kati yao. Yeye hupanda mlima kutoka kwake na birika mkono huu, ndoo ya vikombe mkono ule, akifika humimina. Wao husema, yeye husikia.

Siku hiyo Profesa alikuja na gazeti, akalikung'uta kama mtu anayetoa vumbi kwenye mkeka.

— Haya, jamani, mji wetu umeshika namba moja!

— Kwa mpira? aliuliza Wembe.

— Mpira gani na timu ile? Kwa ugonjwa! Watu wa afya wamechungulia yale maneno tunayouliza mtandaoni, wajue wananchi wanasumbuliwa na nini. Basi mwezi huu hakuna mji ulioandika "moyo unauma" kama mji huu.

Shangazi alipitiliza kumimina, kahawa ikamwagikia kisahani. Hakuna aliyeona.

Yeye ndiye aliyeuliza. Si mara moja. Tangu Jumamosi kauliza mara kumi na moja. Mjukuu wake alimfundisha kubonyeza ile alama ya kipaza sauti na kusema, maana herufi za simu ni ndogo kama chawa. Akabonyeza, akasema: "Moyo unauma." Simu ikamletea nyimbo za mapenzi. Akasema tena, kwa sauti kubwa kidogo, kama unavyomwambia mtu mzito wa masikio. Safari hii ikampa mashauri: mpenzi akikuacha, kunywa maji mengi, tembea, futa picha zake. Mume wake alikuwa na miaka saba kaburini, na picha yake iko moja tu, ukutani. Angeifuta kwa nini?

— Mimi nawaambia, alisema Profesa, chanzo chake ni barabara. Matuta yamezidi. Mtu akirushwa kwenye gari kila siku, moyo unahama pahali pake. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Hiyo inahusiana nini na matuta?

— Gari likienda haraka juu ya tuta, baraka iko wapi?

Wembe alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

— Profesa, umesoma ukapitiliza. Hapo hamna ugonjwa. Ni mapenzi, mzee wangu! Kwenye kiti changu pale wananililia wanaume wazima na ndevu zao, nusu wamenyolewa, nusu bado. Mwanamke kamwacha, anataka upara ili asahau. Akirudi nyumbani anaiuliza simu. Ndiyo hao elfu na elfu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Nani samaki?

— Moyo! Ukikauka na mapenzi haukunjiki tena.

Betri, waliyedhani amelala, alifungua jicho moja.

— Nyote hamjui simu. Inawezekana ni mtu mmoja tu.

Shangazi aliacha kumimina.

— Mmoja vipi? aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema asubuhi ile.

— Mtu mmoja, Shangazi, simu mbovu. Kitufe kimekwama, inauliza, inauliza. Na kule wanakopokea wanaiona. Wanajua simu ya nani, iko nyumba gani, mwenyewe amekula nini.

Shangazi aliisukuma simu yake chini zaidi, kwenye pindo la kanga. Alijiona kama mtu aliyesingiziwa wizi, ila yeye hakusingiziwa. Mji mzima umeandikwa gazetini kwa ajili ya kifua chake! Na angewaambia nini hawa? Wembe angetunga utani wa mwezi mzima: Shangazi na uzee wake, nani kamwacha?

— Basi kama wanajua nyumba, alisema Profesa huku akishusha sauti, mimi najua wanaonunua habari hizo. Wauza majeneza. Wanataka kujua wapeleke mbao mji gani.

— Kwa moyo? Watu wa mapenzi hawafi, wananenepa tu, alisema Wembe.

— Tulieni, tulieni, alisema Betri, ambaye sasa alikuwa macho kabisa. Mwajua moyo wa simu ni nini? Ni betri. Na betri zinazoletwa siku hizi ni takataka, zinavimba. Basi simu inajisikia vibaya, inaenda mtandaoni yenyewe kujitafutia dawa. Hao wanaouliza si watu, ndugu zangu. Simu zenyewe ndizo wagonjwa!

Hata Profesa alionekana kulifikiria hilo.

Ndipo akaja dada mmoja mwenye viatu vya vumbi na kibeti begani, akaomba kahawa na nafasi. Wakasogea.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Wembe, akitumaini mgeni atawaagizia wote.

Dada aliliona gazeti mapajani mwa Profesa, akatabasamu kwa uchovu.

— Hiyo habari imetoka ofisini kwetu. Mimi ndiye niliyezihesabu hizo namba.

Basi wakamvamia. Wakampa matuta, wakampa mapenzi, wakampa majeneza, na Betri akamweleza kwa kirefu maradhi ya simu. Yule dada alisikiliza yote bila kukata neno, kikombe kikimpoa mkononi.

— Majina hatuyaoni, wala nyumba, alisema mwishowe. Kompyuta inaniambia watu wameuliza sana. Haiwezi kuniambia kwa nini. Labda wanaumwa, labda kuna wimbo mpya. Ndiyo maana nimeacha kompyuta, natembea. Nyinyi mko hapa tangu asubuhi mkilijadili jambo hili. Kuna mtu yeyote mmemuuliza?

Profesa alilikunja gazeti, akalikunjua. Wembe alitazama kiti chake kitupu kana kwamba kuna mteja. Betri alifumba macho, lakini hakulala.

— Mmemuuliza nani? dada alirudia, kwa upole.

Shangazi aliliweka birika chini.

— Mimi ndiye niliyeuliza.

— Wewe? Wembe aligeuka, na utani ulikuwa tayari mdomoni. Shangazi! Moyo upi huo?

— Huu wa nyama.

Utani ukamfia Wembe ulimini. Shangazi akawapa mgongo, akamwelekea yule dada, maana kwa mwanamke mwenzake maneno yalikuwa mepesi zaidi. Akamweleza jinsi anavyobanwa hapa katikati akipanda mlima, kama mtu kamkalia kifuani. Maumivu hushuka mkono wa kushoto, na huenda mpaka kwenye taya, akadhani ni jino. Akisimama yanapungua. Leo amesimama mara nne.

— Ulimwambia nani?

— Niliiambia simu. Ikaniimbia.

Hakuna aliyecheka.

— Mama, mimi si daktari, alisema dada akiwa ameshasimama, lakini hili si la kungoja kesho. Twende sasa hivi.

Betri, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia barabarani kuita teksi. Huko hospitali walimlaza siku nane. Walisema mshipa wa moyo umebana, na angechelewa kidogo tu wangekuwa wanasema mengine. Akatoka na dawa za maisha na onyo la kutobeba vitu vizito. Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile Shangazi alikuwa na aibu tu, aibu ya kuwaacha wateja vikombe mkononi, na alipoingia kwenye teksi pamoja na yule dada alitoa kichwa dirishani.

— Jamani, birika langu!

— Nenda, Shangazi, nalileta mimi, alisema Wembe.

Akalishika kwa mkono mmoja, kama alivyomwona yeye akilishika miaka yote. Halikunyanyuka. Akaweka mikono miwili, akalinyanyua, akasimama nalo katikati ya barabara huku kahawa ikichezacheza ndani.

— Shangazi, alisema, hili unalipandisha mlima kila siku?

Lakini teksi ilikuwa imeshakata kona.