Wenye Bendi Isiyoimba

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao kati ya kibanda cha fundi redio na saluni ya Kinyozi, birika la kahawa katikati. Fundi Spika leo kakaa kwenye ncha ya benchi, mgongo kampa Kinyozi. Wivu umemjaa, na ana haki. Jana kamsikia mtu akisema, "Twende kwa Kinyozi tukasikie ile bendi yake isiyoimba." Bendi yake! Nani alimpa nyimbo zake kwenye flashi, kama si yeye Fundi? Na saa hizi imo saluni inalia, mlango wazi, huku Kinyozi akinywa kahawa kwa maringo ya baba aliyepata mtoto wa kiume.

— Bendi yangu leo inawaka, akasema Kinyozi.

— Yako tangu lini? Fundi akageuka. Mimi ndiye niliyeipata! Siku ya kwanza nilidhani spika imekufa upande wa sauti. Nikaifungua mara tatu namtafuta mwimbaji. Nikabadili waya, nikachomelea upya, wapi! Ndipo nikaelewa kwamba hawa hawaimbi.

— Kumbe uliona ubovu. Mimi niliposikia tu, nikajua huu mziki.

— Ulijua kwa sababu nilikwambia!

Bosi, ambaye hana kazi wala mfanyakazi, akaingilia:

— Tulieni. Mwimbaji alikuwepo, katoroka na mke wa mpiga ngoma. Zisikilizeni zile ngoma. Mtu mwenye amani hupiga vile? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji kapona nini hapo? Fundi akauliza.

— Kapona kelele za mke.

— Hakuna cha mke, akasema Kinyozi. Ule mziki ni sinema tupu. Nikifumba macho naona mtu jangwani, maji yamemwishia, anatambaa. Mara magitaa yote yanaingia kwa pamoja. Mvua hiyo!

— Unafumba macho na mashine iko kichwani mwa mteja? Fundi akamrukia. Ndiyo maana yule wa juzi alitoka na panki ya upande mmoja.

Bosi akacheka hadi kahawa ikampalia. Fundi hakucheka. Kuna picha aliyokuwa nayo wiki nzima, hajamwambia hata mkewe, na sasa ikamponyoka:

— Jangwa gani? Ile ni stesheni. Treni imeondoka, mtu kabaki na sanduku ambalo si lake.

Kinyozi akakuna kidevu.

— Hata mimi treni niliiona.

— Usiniibie na treni! Nirudishie flashi yangu!

— Chukua. Nyimbo zote nimeshazitia kwenye simu.

Fundi alitamani kummwagia kahawa. Kabla hajaamua, akatokea dada mmoja, fundi cherehani aliyepanga chumba nyuma ya saluni mwezi huu, kikombe mkononi.

— Samahani kaka zangu. Wenye ile bendi ndio nyinyi?

— Mimi! wakajibu wawili kwa pamoja.

— Ukuta wangu na wa saluni ni mmoja. Mkija huku kwenye kahawa, wimbo unabaki na mimi. Nilitaka kuuliza tu: pale mwishoni, wenzake wote wanaponyamaza akabaki yule wa gitaa peke yake, na nyinyi huwa mnalia, au ni mimi tu?

Fundi akatazama kahawa yake. Yeye wimbo ule huutumia kujaribia spika tu. Dakika mbili zinatosha, anazima. Kinyozi akainama kutafuta nywele kwenye suruali, maana wateja wake humwambia abadilishe kabla hata ngoma hazijachanganya. Bosi akaanza methali, ikamkatikia njiani.

— Mwisho upi, dada? Fundi akauliza taratibu.

— Huo uliokwisha hivi punde, mkigombana.

Wakageukia saluni. Kimya. Wivu wa kumwonea Kinyozi ukamtoka Fundi palepale. Sasa alikuwa akimwonea wivu huyu dada aliyeusikiliza hadi mwisho, na huu ulimchoma zaidi.