Kesho Mtapanda Wote, Nikaze Bolti

Wasikilizaji wapendwa, ni Bibi yenu wa redioni, hamjambo huko mliko. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza. Nenda, nitakusubiri. Umerudi? Haya, kaa.

Leo tunamkumbuka fundi wa magari. Wateja walimwita Polepole, naye jina hilo hakulichukia. Fundi Polepole ametutoka. Ameacha mjane. Ameacha binti mmoja, fundi cherehani. Na aliacha uani gari lake la zamani, limeinuliwa mbele juu ya magogo, bolti hazijakazwa. Bolti hizo ndizo zilizonileta kwenu leo.

Kwanza mtu mwenyewe. Alikuwa mrefu, mkimya, na kitambaa cha kufutia grisi hakikumtoka begani, hata mezani. Mjane wake aliniambia, "Bibi, niliolewa na mume, kitambaa nikapewa nyongeza."

Gereji yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, paa la mabati, sakafu nyeusi kwa oili. Ukija na haraka zako, unaziacha mlangoni. Mteja mmoja alimfokea, "Fundi, gari langu litazeekea hapa!" Akajibiwa kutoka uvunguni, "Limeshazeeka, mzee. Ndiyo maana umelileta."

Alikuwa na mtindo wake mmoja. Nausema taratibu, kwa sababu mambo ya leo yote yanazunguka hapo. Akibadilisha springi za gari, hakukaza bolti zake gari likiwa limeinuliwa. Alizifunga kwa vidole tu. Kisha analishusha, linasimama kwa miguu yake, anawaita wenye gari wapande, kila mtu mahali pake pa kila siku. Hapo ndipo anaingia chini na spana, anakaza.

Kwa nini? Ndani ya tundu la bolti kuna mpira, mafundi wanauita bushi. Ukikaza gari likining'inia, mpira unashikwa ukiwa umejisokota. Gari likishuka, unavutwa siku zote, mwisho unachanika, na gari linarudia kurusha watu kama bisi kwenye sufuria.

Muuza magodoro alipoambiwa aje na mzigo wake wa kawaida, alipakia magodoro. Polepole akayatazama. "Huo ni upepo, ndugu yangu. Kamlete mama mkwe." Mama mkwe akaja kweli, akapanda, akadai na soda.

Sasa tuje kwenye gari lake mwenyewe. Ni pikapu ya zamani, taa za mviringo, magurudumu yote manne yanavuta. Nyumbani wanaiita Punda. Haikatai mlima, lakini ilikuwa inapiga mateke. Springi zake za mbele ni bapa za chuma zilizolaliana, nene, na kutu ilikuwa imezigandisha zikawa kama ubao mmoja. Jiwe la barabarani lilipita hapo likafika mgongoni kwako bila kupungua.

Na mgongo ndio shida iliyokuwamo katika nyumba ile. Mkewe aliteleza kwenye maji ya kufulia, akaumia uti wa mgongo. Juu mlimani yuko dada yake mkubwa, aliyemlea. Miguu ya dada haimruhusu kushuka. Barabara ya kule haipandwi na gari lingine ila Punda. Walijaribu safari moja baada ya ajali ile. Nusu ya njia mama akawa analia. Mumewe akageuza gari.

Tangu siku hiyo, dada wawili wakawa watu wa simu. "Akikohoa kule, mimi huku namhoji kama daktari," mjane aliniambia. "Lakini simu haikushiki mkono, Bibi."

Polepole akaanza kutafuta. Hakutaka kubandika kiraka, alitaka sehemu yote ya mbele iwe mpya. Akapata springi ndefu zaidi, bapa nyembamba, chache, zinazopinda na kurudi. Akatafuta shokapu za kuzituliza, na bushi mpya. Akafunga kimoja kimoja. Mkewe alimtania, "Mume wangu, nitafika kwa dada nimezeeka, na mkongojo." Akacheka, akaendelea.

Jioni ile alimaliza kufunga. Akasimama bombani, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akamwambia mkewe, "Kesho tunalishusha. Mtapanda wote, nikaze bolti. Halafu nakupeleka kwa dada."

Asubuhi hakuamka. Ni moyo, daktari alisema.

Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio. Fundi Polepole amefariki. Gari aliliacha juu ya magogo, bolti zimefungwa kwa vidole tu. Mjane wake alikuwa hajamwona dada yake, na dada hakuweza kushuka kuzika.

Matanga yalipokwisha, mdogo wa marehemu, dereva wa lori, alitaka kusaidia. Akachukua spana, akaingia chini ya Punda. Binti akatoka mbio ndani, sindano bado imechomekwa kwenye gauni kifuani.

"Baba mdogo, usikaze! Baba hakazi likiwa juu."

"Baba yako hakukaza popote, mama. Ndiyo maana aliitwa Polepole."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. Binti hakucheka. "Nikikupima kanzu umeinua mikono, ukiishusha itakukaaje?"

Baba mdogo akafikiri. Akatoka chini, akajifuta magoti. "Haya, fundi. Tulishushe."

Wakalishusha. Mama akapanda taratibu, akakaa mahali pake dirishani. Ikabaki nafasi ya usukani. Wote wakaitazama. Baba mdogo akasema, "Tuweke magunia ya mchanga, yafikie uzito wa kaka. Yeye ndiye alikuwa anakaa pale."

Mjane akasema, na maneno haya aliniruhusu niyaseme redioni, "Shemeji, mume wangu hana uzito tena. Akae atakayeendesha."

Akamtazama binti yake. Binti alifundishwa kuendesha na baba yake, ila njia ikiwa mbaya mzee alichukua usukani. Akapanda. Akashika usukani. Baba mdogo akalala chini, akakaza bolti moja moja, na kila moja ilipokazika alisikika akisema, "Pole, kaka. Pole, kaka."

Wakaenda mlimani. Nusu ya njia, pale walipogeuzia zamani, binti akasimamisha gari. Mama akashtuka. "Kuna nini?" "Springi mpya zinakaguliwa njiani, mama. Baba angekagua." Akaingia chini na spana, akatoka na grisi mpaka viwiko. Wakaendelea.

"Na mgongo?" nilimuuliza mjane.

"Ulinung'unika, Bibi. Haukulia."

Dada alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Alipousikia mngurumo wa Punda, alifanya alivyozoea. Aliagiza beseni la maji na sabuni, maana shemeji yake siku zote alifika na mikono michafu. Beseni likaletwa. Hapo ndipo akakumbuka. Akaliangalia beseni, akaanza kuomba radhi.

Binti akashuka kwenye gari. "Shikamoo, mama mkubwa." Akainama, akanawa mikono yake. Maji yakawa meusi. Dada wawili walikuwa wameshashikana mikono.

Kwa mjane, kwa binti, kwa baba mdogo na kwa dada kule juu, kituo chetu kinawapa pole. Mungu awatie nguvu.

Nawe unayenisikiliza, tazama humo nyumbani mwako. Kuna mtu ameacha kutoka, na mmezoea kwamba hatoki. Kamuulize leo ni wapi anatamani kufika. Halafu niambie kama sufuria haikuungua.