Dakika Mbili za Daktari Tazama-Pua

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Leo sina utani. Wanaonijua watashangaa, maana kipindi hiki nimekiendesha miaka kumi na tisa, na utani ndio ulioniweka kwenye kiti hiki. Leo tunamkumbuka daktari aliyefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na tatu. Alikuwa mtafiti wa kizunguzungu. Wagonjwa wake walimwita Daktari Tazama-Pua. Nitawasimulia maisha yake, na nitawasimulia nilichomfanyia. Naona aibu. Nasema mapema ili msije mkadhani nina mafua.

Tuanze na baba yake, maana na yeye alianzia hapo. Baba yake alikuwa fundi rangi. Mdogo wa daktari, wa kike, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu sita, ameniambia hivi: "Baba hakuwahi kuonja pombe. Lakini siku moja aliinua kichwa apake dari, akaanguka na ndoo yake. Msimamizi akasema amelewa, akamfukuza kazi. Mtaa mzima ukasema amelewa. Hata mama akaanza kumnusa mdomo. Dada yangu, huyu daktari wenu, alikuwa na miaka kumi. Alipanda kitandani akamtazama baba usoni, akatoka mbio: 'Mama, macho ya baba yanacheza!' Mama akamwambia aache upuuzi, akafue soksi zake."

Macho yalikuwa yanacheza kweli. Yalikuwa yanakimbilia upande mmoja, yanarudi, yanakimbia tena. Mtoto aliliona jambo ambalo watu wazima hawakuliona, na hakulisahau.

Miaka kumi na tisa baadaye alirudi nyumbani akiwa daktari. Alimlaza baba yake chali, akamgeuza kichwa polepole, upande huu, kisha upande ule, kisha akamkalisha. Hazikufika dakika tano. Vijiwe vidogo mno vya ndani ya sikio vilikuwa vimehama mahali pake, basi, ndio ugonjwa wenyewe. Mzee alitazama dari. Akatazama tena. Halafu akalia, akamuuliza binti yake, "Kwa hiyo sikuwa mlevi?" Hebu fikirini. Mtu hajaonja tone, na wamemsema mpaka mwenyewe kaanza kujitilia shaka.

Kuanzia hapo kazi yake ikawa hiyo: sikio la ndani na macho. Ngoja niwaeleze kama alivyonieleza mimi. Weka kidole mbele ya uso, ukitazame, kisha tikisa kichwa taratibu. Kidole kimetulia, sivyo? Ni kwa sababu sikio la ndani linaliambia jicho: kichwa kimeenda kulia, wewe nenda kushoto. Sikio likiugua, jicho linachelewa. Linateleza pamoja na kichwa, halafu linaruka kurudi. Basi daktari humshika mgonjwa mashavuni kwa viganja viwili, anamwambia, "Tazama pua yangu, usiiache," kisha anakigeuza kichwa ghafla, kidogo tu. Huku akiyaangalia macho.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini hospitalini, zamani stoo ya mashuka. Alikuwa na kiti cha kinyozi ambacho fundi wa kuchomelea alikifunga mota ili kizunguke, na miwani yenye kamera ndani. Miaka ishirini na miwili aliwazungusha watu pale na kurekodi macho yao. Kila aliyeshuka alipewa ndoo, kwa tahadhari. "Hapa tumetapikiwa na watu wenye vyeo," alikuwa akisema.

Sasa nifike kwangu. Miaka kumi na moja iliyopita nilimwalika kwenye kipindi hiki. Alikuja na blauzi ya kijivu na daftari, akiwa amejiandaa kuliko mimi. Nilimwomba anipime. Akanishika mashavu: tazama pua yangu. Mimi nikajifanya mlevi, nikapepesuka, nikaangusha kikombe, nikaimba. Fundi mitambo alicheka mpaka akatoka nje. Daktari aliningoja nimalize, kisha akaendelea kueleza.

Rekodi ilizidi dakika mbili. Ilibidi nikate dakika mbili. Nilikuwa na la kuchagua: nikate vichekesho vyangu au nikate maneno yake ya mwisho. Nikakata maneno yake ya mwisho.

Maneno niliyoyakata ni haya. Nayasoma polepole, kutoka kwenye rekodi nzima. "Tafadhali msijaribu kipimo hiki nyumbani, ni cha mtu aliyefundishwa. Na nataka mnielewe vizuri. Mtu akishikwa na kizunguzungu kisichokatika, na macho yake yakawa hayatelezi, yametulia kabisa, msifurahi. Hapo ndipo pa kuogopa. Sikio linaweza kuwa zima na shida ikawa kwenye ubongo. Huenda ni kiharusi. Mkimbizeni hospitali, msingoje asubuhi."

Narudia. Macho yakitulia na kizunguzungu hakikatiki, msifurahi. Hayo ndiyo niliyoyakata. Mlichosikia nyinyi siku ile ni kwamba jicho likiteleza sikio linaumwa, kisha mkasikia nikiimba.

Wiki tatu baadaye fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wanne, alishikwa na kizunguzungu akiwa anakata kitambaa. Mume wake, mwalimu mstaafu, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alimkalisha jikoni. Akamshika mashavu. Akamwambia tazama pua yangu. Akageuza kichwa. Macho hayakuteleza. Mwalimu akafurahi. "Masikio yako mazima, mke wangu, ni uchovu tu, lala." Akalala siku mbili. Walipofika hospitali, kiharusi kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Mama hakufa. Lakini mkono wa kulia haumtii, na akitembea anayumba. Cherehani yake ilifunikwa.

Mwalimu aliandika gazetini, akamtaja daktari. Kamati ya hospitali ikamwita. Daktari akasema hakuishia pale, kuna maneno alisema yakakatwa. Wakamwambia lete ushahidi. Akanipigia simu mimi. Aliuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile rekodi nzima bado unayo?"

Ilikuwa kwenye droo, mbele ya magoti yangu. Nikasema, "Hapana, Daktari, ilifutwa."

Akasema, "Haya. Asante."

Na sikuishia hapo. Kamati iliandikia kituo, na barua ya majibu niliiandika mimi. Niliandika kwamba mazungumzo yalirushwa kama yalivyorekodiwa. Nikaweka sahihi. Niliogopa kufukuzwa kazi, sina sababu nyingine, na nisiwachoshe kwa kuitafuta. Chumba chake kilifungwa miezi kumi na minne. Kiti kikafunikwa turubai. Wagonjwa waliokuja walirudishwa mlangoni.

Unajua alifanya nini miezi ile? Alikwenda nyumbani kwa yule fundi cherehani. Kila Alhamisi. Alimfundisha kutembea upya kwenye ukumbi mwembamba, bega karibu na ukuta, macho kwenye herufi moja aliyoibandika mlangoni, kichwa kikigeuka huku na huku. Chumba kilipofunguliwa, aliendelea kwenda. Miaka yote kumi na moja.

Jumatano, siku moja baada ya kifo chake, nilikwenda kwenye nyumba hiyo nikiwa na rekodi. Niliwasikilizisha. Mama aliweka mkono wake mzima juu ya ule usiomtii, akasema, "Mimi niliacha zamani kumuuliza kama kosa ni lake. Mtu mbaya haji kila Alhamisi." Mwalimu akasema, "Alikuwa akiingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Miaka kumi na moja. Hata maji sikuwahi kumpa." Nilitaka anitukane. Aliniuliza tu kama rekodi inaweza kurudiwa, na nikairudia.

Alhamisi tukamzika. Baada ya mazishi nilimwomba binti yake tuzungumze pembeni. Naye ni daktari wa watoto, ana sauti ya chini kama mama yake. Nikamwambia yote. Droo, simu, barua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anakunja kanga begani na kuikunjua.

"Mama alijua," akasema.

Nikauliza alijuaje.

"Ulipomjibu kwenye simu, hukuuliza rekodi gani. Alisema mtu aliyefuta kitu huuliza kwanza ni kipi."

Nikasema natamani ningemshukuru, maana nilisikia kwamba mama yake hakukosa kipindi changu hata alipokuwa amelazwa. Niliambiwa na wauguzi. Nilijivunia jambo hilo, wasikilizaji, nawaambia ukweli, hata siku ya mazishi nilijivunia.

Binti akanitazama. "Hakuwa anakipenda kipindi chako, Mjomba. Vichekesho vyako vilimchosha. Kila Jumamosi alifungua redio saa hii, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho, akazima. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema, 'Leo huenda akasema.'"

Wasikilizaji wapendwa, jana nimeipeleka rekodi nzima kwenye kamati ya hospitali, pamoja na barua nyingine yenye sahihi yangu, hii ya kweli. Uongozi wa kituo unayo nakala. Watakaloamua juu yangu ni haki yao.

Kwa binti na mdogo wa marehemu, kwa wajukuu, kwa wahudumu wa ghorofa ya chini na wagonjwa wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti: poleni sana. Kwa mama fundi cherehani na Mwalimu: poleni, na nisameheni mkiweza. Mungu ampumzishe Daktari mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, labda unapika, labda unapiga pasi, jiulize kama kuna mtu anayebeba kosa lako huku akikujibu vizuri kwenye simu. Kama yupo, usiandae hotuba. Mpigie.

Mimi nilikuwa na Jumamosi mia tano na zaidi. Zote alikuwa upande huo wa redio, amekaa, anasikiliza. Ya leo ndiyo ya kwanza ambayo hayupo.